Nzumari Kule Kengeleni

Babu alipiga nzumari katika ngoma ya sengenya, na kwake muziki uliishia kwenye gati ya Likoni. Ng'ambo, akisema, ni kelele tupu. Desemba 1991 mjomba aliponichukua kwenda harusini Kisauni, babu alinyamaza, akaendelea kukwangua ulimi wa nzumari yake kwa wembe.

Nilikuwa na miaka 12, sijapata kuvuka. Ndani ya feri tulibanwa na mikokoteni ya madafu, mjomba kakumbatia chapuo mbili alizozifunga kwa leso.

"Kwani mjomba, bendi haina ngoma?"

"Ina dramu. Hizi ni za kuwainua wazee vitini."

Matatu ikapita Buxton, ikavuka daraja la Nyali, ikatushusha Kengeleni. Mjomba akanionyesha kengele yenyewe, iliyokuwa ikipigwa kuwatahadharisha watu wa Freretown wavamizi wakija. Misheni ya Kianglikana ilianzisha mji huo 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa majahazini: Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengine waliolelewa India. Hakuna aliyefika na kikosi chake kamili cha ngoma. Mtu wa hivyo huokota anachokikuta.

Jioni, nikila viazi karai nyuma ya turubai, nikasikia nzumari. Nikaacha sahani, nikaifuata. Nikakuta dude la shaba lililopinda kama kiko, limefunikwa vitufe.

"Saksafoni hiyo," mjomba akasema, mikono haiachi ngoma. "Na huu ni bango. Muasisi wake ni Mzee Joseph Ngala, mtu wa papa hapa Freretown."

Ule muziki ulikuwa na jazi, ulikuwa na harufu ya Kireno na ya taarabu, lakini chini yake chapuo zilitembea mwendo niliouzoea kwetu. Kina nyanya wa Kigiriama wakasimama, mabega yakaanza kutikisika. Mjomba akanikonyeza.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba hata nzumari ilikuja na bahari: ni ya ukoo mmoja na zurna ya Waturuki na Waajemi, na jina lake lina asili ya Kiarabu. Sikuwahi kumwambia babu. Nani angethubutu?

Usiku ule tuliporudi tulimkuta bado yuko barazani. Nikamsimulia ile saksafoni.

"Hilo dude lina ulimi?"

"Linao, babu. Wa tete."

Akafikiri. "Na mpigaji, anakata pumzi?"

Nikakumbuka yule bwana akishusha saksafoni kuvuta hewa. Babu alikuwa akivimbisha mashavu na kupiga hadi wachezaji wachoke, sauti haikatiki.

"Anakata."

Babu akacheka, kicheko cha kuridhika hasa. Kisha akalowesha ulimi wa nzumari mdomoni, akauchomeka mahali pake.

"Haya, niimbie huo wimbo. Polepole."

Nikaimba.

"Rudia pale uliposhuka."