Mwezi wa Ishango

Kwa Kiswahili neno ni moja. Mwezi ni ile taa ya usiku, na mwezi ni zile siku tunazohesabu tukingojea mshahara. Wafaransa wana maneno mawili mbalimbali. Wazee wetu hawakuona sababu ya kutenganisha, maana kalendari yao ilikuwa inaning'inia juu.

Huenda hesabu hiyo ilichorwa hapa hapa Kivu ya Kaskazini kabla mtu yeyote duniani hajajua kuandika. Mwaka 1950 mjiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard. Alipata mfupa wa rangi ya kahawia, urefu sentimita 10 hivi, na kipande cha jiwe la kwatsi kimekwama kwenye ncha. Umekatwa alama katika mistari mitatu. Mmoja una mafungu ya 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Mwingine 11, 21, 19 na 9, tena 60. Wa tatu una 48. Wanasayansi wanaukadiria umri wa miaka 20,000 hivi.

De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Kisha miaka ya 1960 Mmarekani Alexander Marshack, akiwa anaandika kitabu juu ya safari ya kwenda mwezini, akakutana na habari za mfupa wetu. Aliuchunguza kwa hadubini akasema: hii ni kalendari ya mwezi. Alama zote ni 168, na mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu. Piga hesabu, utapata miezi mitano na zaidi ya nusu. Wako wanaopinga, eti alama zilikuwa za kuzuia mkono usiteleze tu. Sisi hatuamui.

Lakini tulijaribu. Kila mwanafunzi alipewa fimbo: usiku ukiona mwezi, kata alama moja. Mwisho fimbo hazikufanana hata mbili. Huyu alikuta mawingu, yule alilala mapema, mwingine mama yake alimkatalia kutoka nje, na usalama wa mtaa tunaujua. Ndipo msichana mmoja akauliza: sasa, Mwalimu, yale mafungu ya Ishango yasiyolingana, si ni mawingu ya ziwa? Swali la namna hiyo hatujalikuta katika kitabu cha masomo. Fimbo tukazitundika ukutani, nyingine zimepakwa rangi na kuchorwa nyota. Hiyo ndiyo makumbusho tuliyo nayo.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika makumbusho ya sayansi asilia. Kuna wenzetu wanaosema afadhali ubaki huko: ungekuwa Goma, moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ungeumeza, au vita. Si maneno ya bure, ule moto ulipita katikati ya mji. Lakini Kinshasa iko makumbusho ya taifa tangu 2019, na watoto wetu wanamjua Armstrong wa 1969 kuliko Ishango, ambayo iko katika jimbo lao na ambayo barabara yake vita vimeifunga mara ngapi. Kwa kuanza hata nakala ya plastiki ingetosha. Sentimita 10, inaingia mfukoni.