Jina Letu Si "Mgumba"

Sisi tusiojaliwa watoto twalijua swali hili: "Mama nani?" Tukinyamaza, tunabandikwa jina: mgumba.

Jina hilo hutolewa kabla ya vipimo. Tulio wauguzi twajua kwamba tatizo laweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Mirija ya mke huweza kuziba kwa magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa. Mbegu za mume nazo huweza kuwa chache au dhaifu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia hali hii maishani. Hata hivyo, kliniki twaenda peke yetu.

Hana alichokozwa na Penina, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Alimjibu kwa heshima kuwa sivyo alivyo (1 Samweli 1), naye wakati huo hakuwa bado na mtoto. Nasi tujibu vivyo hivyo. Tulibatizwa kwa majina. Tuiteni kwa hayo. Na waume zetu tuwaambie kwa upole: twendeni tukapimwe sote wawili.