Vyuo vya Lamu Katika Barabara ya Euston



Ashukaye stesheni ya King's Cross, London, akaifuata barabara ya Euston kwa miguu, ataifikia Maktaba ya Uingereza kabla hajachoka. Ni jengo la matofali mekundu, lililofunguliwa mwaka 1997, na uani mwake imo sanamu ya Newton aliyeinama na bikari mkononi. Kuingia ni bure. Ndani pana mnara wa vioo wenye vitabu vya Mfalme George wa Tatu; jamaa zetu wengi hupiga picha hapo, kisha wakaenda zao.

Sisi twapenda kuwaeleza habari ya vyuo (kwa maana ya vitabu, kama wasemavyo wazee) ambavyo havimo humo. Mwaka 2004 maktaba hii ilianza kusimamia mpango wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini duniani. Kwa mpango huo, miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, ilipigwa picha huko huko Lamu, na picha hizo zikawekwa kwenye intaneti, zisomwe bure na aliye Muscat na aliye Leicester. Karatasi hazikutoka mahali pake. Zamani haikuwa hivyo: pale SOAS, mwendo mfupi kutoka hapo, imo miswada ya Kiswahili iliyokusanywa pwani na mmishenari W. E. Taylor, na mwenye kuitaka alilazimika kuifuata London.

Mwezi Oktoba 2023 wahalifu waliivamia mitambo ya kompyuta ya maktaba, na huduma zake nyingi za mtandao zikakatika kwa miezi. Vyuo vyenyewe, alhamdulillahi, vilikuwa Lamu.

Lakini ni nani kati yetu avisomaye? Maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza. Bibi aijuaye khati ya Kiarabu hajui Kiingereza. Mjukuu ajuaye Kiingereza haijui khati. Kuweka picha hadharani si sawa na kumwalika mtu. Maktaba ingeandika mistari michache ya Kiswahili chini ya kila mswada, ikatuma na sauti fupi kwa WhatsApp katika vikundi vya misikiti yetu, ingepata wasomaji isiowajua. Hadi hapo, mjukuu na ashike kompyuta, bibi asome.