Ibada ya Bure

Kalenda ya masomo ya kila siku tuliyogawiwa kanisani imenifikisha kwenye kitabu cha Ayubu, sura moja kila asubuhi, na sura zenyewe ni 42. Ndugu msomaji, wengi wetu tunakijua kitabu hiki kwa mwanzo na mwisho wake tu. Mwanzo: kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500, vyote vinapotea siku moja. Mwisho: vyote vinarudi maradufu. Katikati tunaruka, maana huko ni watu wazima wameketi chini wanabishana.

Shetani hasemi kwamba Ayubu ni mwizi au mzinzi. Anauliza tu kama anamcha Mungu bure au kwa malipo. Swali la kichokozi, ila si la kipumbavu. Mimi ninayetamani kuandika riwaya nimeona jambo: muuliza swali haonekani tena baada ya sura ya 2, na Ayubu haambiwi hadi mwisho kwamba walishindana juu yake. Mungu anapomjibu, kuanzia sura ya 38, anamwonyesha nyota, mvua, hata mbuni anayeacha mayai yake mchangani, kila kitu isipokuwa sababu. Mhariri wa siku hizi angemrudishia mwandishi huyo mswada wake!

Lakini kilichonishika zaidi kiko sura ya 1, mahali tunapopita mbio. Watoto wa Ayubu, wavulana saba na wasichana watatu, walipomaliza karamu zao, baba yao aliamka alfajiri akatoa sadaka kwa hesabu yao wote, ati huenda wamekosa mioyoni mwao. Alifanya hivyo siku zote. Na nyumba ikawaangukia wote kumi.

Ibada ya namna hiyo naijua. Nyumba yetu haina dari, sauti hupita juu ya ukuta, na tangu utotoni nimemsikia Mama saa kumi na moja alfajiri akitutaja watoto wake wanne, mmoja mmoja, tulindwe. Mwaka 2021 lori lilimgonga kaka yangu akiwa kwenye bodaboda yake. Alikuwa wa pili kuzaliwa.

Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa na Ayubu siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Wakaharibu walipofungua midomo. Wageni wetu wa matanga hawakumaliza hata kikombe cha kwanza cha chai. Mmoja akamwambia Mama, "Dada, jichunguze, pengine kuna mlango uliuacha wazi." Mwingine akamwahidi kwamba Mungu atamlipa maradufu, kama Ayubu.

Basi nimepiga hesabu hiyo ya maradufu. Kondoo wakawa 14,000, ngamia 6,000. Watoto wakawa kumi, kumi wale wale wa kwanza kwa idadi. Wahubiri wana maelezo yao, nawaachia. Mimi naona aliyeandika alijua kwamba mtoto hahesabiwi kama ngamia. Tena mabinti wa mwisho anawapa majina, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, na baba yao anawarithisha pamoja na kaka zao. Wale kumi wa kwanza hawana majina hata mmoja. Nimetafuta. Wakati kuna mama aliyewazaa, akawaita kwa majina.

Katika sura ya 42 Ayubu anawaombea rafiki zake. Kama aliendelea kuamka alfajiri kwa ajili ya watoto wapya, haikuandikwa.

Mama anaamka bado. Juzi alikuwa anachambua mchele nikamuuliza, "Mama, uliomba alindwe, hakulindwa. Sasa unaomba nini?"

Akatoa kijiwe, akakitupa uani.

"Siombi kitu, mwanangu. Nawataja tu."

Anataja wanne. Kaka yangu bado ni wa pili.