Bedford: Mji wa Kutembelea kwa Mfuko Mwepesi

Mama yeyote aliyewahi kusafiri na watoto anajua kwamba tiketi ya ndege ni mwanzo tu wa gharama. Nasi tulilijua hilo tulipokuwa Uingereza kuwatembelea ndugu zetu. Jioni moja tuliketi mezani na kalamu, tukapiga hesabu ya kuwapeleka watoto watatu kuona mambo ya London. Mahali pamoja tu kiingilio cha mtu mzima mmoja kilipita paundi 30. Tukatazamana. Fedha yetu ingekwisha kabla ya saa sita mchana, na bado hatujala.

Ndipo wifi yetu akasema, "Kwa nini tusiende Bedford? Si ndiko alikofungwa yule aliyeandika habari za Msafiri?"

Kitabu hicho wengi wetu tulikipata utotoni. Ni hadithi ya Mkristo aliyetoka katika mji wake akiwa na mzigo mgongoni, akaenda mpaka Mji wa Mbinguni. Aliyekitunga ni John Bunyan, na kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1678 kwa jina la The Pilgrim's Progress. Kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, na kati ya hizo lugha za Afrika ni 80 hivi. Kiswahili kilikipata tangu karne ya 19. Basi tulikubaliana: twende tukaone alikotoka Msafiri.

Kufika na kuanza

Bedford iko kaskazini ya London, kando ya mto Great Ouse. Treni zinatoka kituo cha St Pancras, na ile ya haraka huchukua chini ya saa moja. Tulingoja ipite saa tatu na nusu asubuhi, maana kabla ya hapo watu wanakwenda kazini na nauli huwa juu. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi, na walio chini ya miaka 16 hulipa nusu. Nauli hiyo ndiyo iliyokuwa gharama kubwa ya siku nzima.

Kutoka kituoni tulitembea kwa miguu mpaka katikati ya mji, penye kanisa la Mtakatifu Paulo na mnara wake mrefu uliochongoka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, shirika la utangazaji la BBC lilihamishia idara yake ya dini katika mji huu, na sala za kila siku zilirushwa hewani kutoka kanisa hili. Karibu na kanisa imesimama sanamu ya John Howard. Huyu aliteuliwa kuwa mkuu wa sheria wa wilaya ya Bedford mwaka 1773, na kazi hiyo ilimpa ukaguzi wa jela. Humo alikuta watu ambao mahakama imewaachilia, lakini wamerudishwa ndani kwa sababu hawana fedha ya kumlipa askari jela. Alilipeleka jambo hilo Bungeni, na mwaka 1774 sheria ikapitishwa kuondoa malipo hayo. Kisha alitumia maisha yake yote kuzunguka magereza ya Ulaya. Mji mmoja, basi, umemtoa mfungwa mashuhuri na mtetezi wa wafungwa.

Mahali pa jela

Tulipanda barabara kuu iitwayo High Street. Kwenye pembe inapokutana na Silver Street ndipo ilipokuwa jela ya wilaya. Jengo halipo tena. Kuna bamba tu chini njiani, na watu wanapita juu yake na mifuko yao ya sokoni. Watoto walichuchumaa kulisoma.

Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria, mtu asiye na elimu kubwa. Alikamatwa mwezi wa Novemba 1660 kwa kosa la kuhubiri nje ya utaratibu wa kanisa la serikali. Aliambiwa kwamba akiahidi kuacha kuhubiri, ataachiliwa. Alikataa, akakaa ndani miaka 12. Humo jelani alisuka kamba za viatu ili ziuzwe na watoto wake wapate kula.

Mtoto wetu wa kati, mwenye miaka 9, aliuliza swali ambalo halikutuacha siku nzima: "Mbona hakuahidi tu akarudi nyumbani?"

Mwishoni mwa barabara hiyo, kwenye uwanja wa majani uitwao St Peter's Green, tulimkuta Bunyan mwenyewe kwa shaba, akiutazama mji na Biblia mkononi. Miguuni pake kuna pingu iliyovunjika. Sanamu hiyo ilitolewa na Mtawala wa Bedford mwaka 1874. Chini yake kuna picha za kuchongwa za hadithi ya Msafiri, na watoto walishindana kutambua ni wapi mzigo unaanguka. Hapo pia hatukulipa chochote.

Milango, dirisha na jagi

Tulirudi nyuma kidogo mpaka Mill Street. Mwaka 1672 Bunyan alipotoka jela, waumini wenzake walinunua ghala na shamba la matunda mahali hapa kwa paundi 50, wakalifanya kuwa nyumba ya ibada. Kanisa lililopo sasa lilijengwa katikati ya karne ya 19, na bado lina waumini. Milango yake mikubwa ni ya shaba, yenye picha kumi za safari ya Mkristo. Ilitolewa mwaka 1876.

Ndani kuna madirisha ya vioo vya rangi. Moja linamwonyesha Bunyan jelani, ameketi mezani na kalamu yake. Dirisha hilo lina habari yake. Mwaka 1987 Terry Waite, mjumbe wa Askofu Mkuu wa Canterbury, alitekwa mjini Beirut. Waafrika ya Mashariki wengine wanamkumbuka, kwa kuwa kabla ya hapo alifanya kazi na Kanisa la Uganda. Alifungwa kwa minyororo karibu miaka mitano, muda mwingi akiwa peke yake. Siku moja akaletewa postikadi. Ilitumwa na mwanamke wa Bedford ambaye hawakujuana, na picha yake ilikuwa dirisha hili. Aliandika tu kwamba watu hawajamsahau na wanamwombea. Waite aliachiliwa Novemba 1991, na baadaye alisimulia jinsi alivyoitazama ile picha na kumwonea wivu Bunyan kwa kuwa na dirisha na kalamu. Akina mama, tufikirie: postikadi moja na stempu yake!

Pembeni ya kanisa ni makumbusho ya Bunyan, ambayo nayo hayana kiingilio. Tuliona fidla aliyoitengeneza kwa chuma, mlango mzito wa jela, na tafsiri za kitabu chake katika lugha nyingi mno. Lakini kilichotushika ni jagi moja la udongo. Inasimuliwa kwamba Mary, binti wa kwanza wa Bunyan, alilitumia kumpelekea baba yake supu jelani kila jioni. Mary alikuwa kipofu. Mtoto wetu wa mwisho alifumba macho akajaribu kutembea hatua chache kama aliyebeba supu, akagonga kiti.

Mama Elizabeth

Jua lilikuwa limetoka, tukateremka mtoni kula. Tulikuwa tumebeba mayai ya kuchemsha, mkate, ndizi na chupa za maji. Ukingo wa mto Great Ouse umepandwa miti na maua, na daraja la waenda kwa miguu lililojengwa mwaka 1888 linaning'inia juu ya maji. Mabata na bata maji wakubwa weupe walitukaribia. Karibu na daraja kuu la mji kuna hoteli iitwayo Swan. Jengo la sasa lilijengwa mwishoni mwa karne ya 18, lakini Swan ya zamani ndiyo mahali walipoketi majaji mwezi wa Agosti 1661. Humo ndimo alimoingia Elizabeth Bunyan.

Huyu alikuwa mke wa pili. Mke wa kwanza alikufa akaacha watoto wanne, na Mary mmojawapo. Elizabeth aliolewa mwaka 1659, na mwaka uliofuata mumewe alipokamatwa, alikuwa mja mzito. Mshtuko ule ulimtia uchungu kabla ya wakati, na mtoto akafa. Pamoja na hayo alikwenda London kupeleka ombi lake kwa wakubwa. Alipoambiwa arudi kwa majaji wa Bedford, alirudi. Katika chumba kilichojaa majaji na mabwana wa wilaya, mwanamke huyu alisimama akasema kwamba mumewe amefungwa bila haki, na kwamba anao watoto wanne wadogo, mmoja hana macho, nao wanaishi kwa sadaka za watu wema. Jaji mmoja alimfokea. Mwingine, Matthew Hale, alimhurumia lakini hakumsaidia. Alitoka akilia.

Hapo swali la mtoto lilirudi, nasi watu wazima hatukukubaliana. Wifi yetu alisema, "Neno moja tu lingemrudisha baba nyumbani. Mungu ndiye aliyempa wale watoto pia." Mwingine akajibu kwamba angeahidi na kunyamaza, watoto wangepata baba aliyevunjika moyo. Bunyan mwenyewe aliandika kwamba kutengana na familia kulimuumiza mno, na zaidi kumfikiria yule kipofu. Hakuliona jambo lile kuwa jepesi. Tuliona pia kwamba mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili ya kitabu chake, na safari hii wasafiri ni mke wa Mkristo, Christiana, na watoto wake. Huenda alikuwa amejifunza kwamba mama naye anayo safari yake, yenye mizigo yake.

Hatukulimaliza shauri lile. Tulikunja mfuko wa chakula tukaendelea.

Lesi, ngome na kijiji

Hatua chache kutoka mtoni kuna makumbusho ya mji yaitwayo The Higgins, nayo ni bure. Yana picha za rangi za maji, vyombo vya udongo na kioo, na lesi za mkono. Wanawake na watoto wa sehemu hizi walijipatia riziki kwa kufuma lesi, na mama anayejua ushonaji atakaa hapo muda mrefu. Nje yake ni kilima cha ngome iliyozingirwa kwa wiki nane mwaka 1224, kisha ikabomolewa kwa amri ya mfalme. Watoto walipanda na kushuka mpaka wakachoka.

Mwenye miguu ya kutosha aende Elstow, kijiji kilicho upande wa kusini, mwendo wa kama dakika 40. Bunyan alizaliwa karibu na hapo, na alibatizwa katika kanisa la kijiji tarehe 30 Novemba 1628. Chombo cha mawe cha ubatizo bado kipo. Mnara wa kengele umesimama peke yake mbali na kanisa, na Bunyan alipokuwa kijana alipenda sana kuzipiga kengele zake.

Kabla hamjaenda

Ulizeni kwanza siku za kufunguliwa, maana makumbusho hayafunguliwi kila siku, na ya Bunyan hufungwa miezi ya baridi. Siku za soko ni Jumatano na Jumamosi, na matunda ni nafuu. Bebeni chakula, miavuli na viatu vilivyozoeleka. Penye sanduku la sadaka, tieni chochote, maana kinachotolewa bure nacho hutunzwa kwa fedha.

Jioni katika treni watoto walilala. Tulihesabu: ukiacha nauli, tulikuwa tumetumia paundi chache tu, za chai na sadaka. Tulikuwa tumeona sanamu ya mfungwa na sanamu ya mtetezi wa wafungwa. Ya Elizabeth hatukuiona, wala ya yule mama wa postikadi.

Wapenzi wasomaji, si wote tutakaofika Bedford. Lakini katika mtaa wako yupo mwanamke ambaye mumewe yuko gerezani, kwa haki au bila haki, na watoto wanauliza baba yuko wapi. Mara nyingi hata kanisani tunamkwepa, hatujui la kusema. Wakati wa Elizabeth, watoto walikula kwa sababu watu wema waligonga mlango. Kugonga mlango hakuna kiingilio. Twende na unga kidogo na sukari, tuketi naye. Mungu atubariki tunapofanya hivyo.