Mtoto Akitaka Urubani, Kiwanja Kisitangulie Kuuzwa

Sisi wakazi wa Nkuhungu hatupungukiwi na mazungumzo ya viwanja. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kiwanja kimekuwa ndiyo akiba ya mfanyakazi. Ndicho kinachosomesha na ndicho kinachouguza. Kwa hiyo sikushangaa jirani yangu mmoja, fundi ujenzi, aliponijia jioni na hati ya kiwanja mkononi. Binti yake aliye kidato cha tatu ametangaza kwamba atakuwa rubani wa ndege za abiria. Tena yuko mtu aliyemwahidi baba huyo kwamba akilipa fedha mapema, mtoto atapelekwa ng'ambo na kurudi na kazi yake tayari. "Sasa mzee mwenzangu," akaniuliza, "niuze?"

Nilimjibu asiuze kwanza. Alinijia mimi kwa kuwa nilitumikia miaka mingi katika kazi ya hali ya hewa, kazi ya kuwapa marubani habari za joto na upepo kabla hawajaruka, na katika miaka hiyo nilijifunza mawili matatu juu ya watu hao.

Jambo la kwanza ni afya, nalo ndilo wazazi wengi hulisahau. Hakuna anayerusha abiria kwa malipo bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, na cheti hicho hutolewa baada ya kupimwa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Hupimwa macho, masikio, moyo na akili. Kuvaa miwani si kizuizi, maadamu kwa miwani hiyo mtu anaona kwa kiwango kinachotakiwa. Lakini asiyetofautisha rangi vizuri, au mwenye kifafa, anaweza kukuta mlango umefungwa tangu siku ya kwanza. Gharama ya kupimwa ni ndogo mno ikilinganishwa na karo ya urubani. Ni msiba gani basi kuuza kiwanja Januari, na Juni kuambiwa kwamba macho ya mtoto hayafai! Jirani yangu alinisikiliza, akairudisha hati sandukuni.

La pili ni masomo, na hapa naomba kukaa kidogo, kwa maana vijana wetu hupenda kuuliza hesabu watazitumia wapi. Chukua Dodoma yetu hii. Mji umeinuka takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa kimo hicho, vitabu vya urubani huhesabu kwamba joto la kawaida ni nyuzi 8 hivi. Lakini saa nane mchana mwezi Oktoba, kipimajoto chetu husoma nyuzi 32. Hewa iliyopashwa moto hutanuka na kuwa nyepesi zaidi. Bawa hupata kitu kidogo cha kushikilia, na injini hupungukiwa nguvu. Ukipiga hesabu utaona kwamba ndege mchana huo hujiona iko karibu mita 2,000 juu, si 1,100. Itahitaji mwendo mrefu zaidi njiani kabla ya kuinuka, na pengine itabidi mizigo au mafuta yapunguzwe. Rubani huyafanya hayo kabla ya kuwasha injini. Hiyo, kijana, ndiyo fizikia ya kidato cha tatu unayoikimbia.

Au tazama namna ya kushuka. Ndege itokayo Dodoma kwenda Dar es Salaam ikiwa juu kwa futi 20,000, rubani huchukua 20 akazidisha kwa 3, akapata 60: anatakiwa kuanza kushuka akiwa maili 60 za baharini kutoka uwanjani, yaani kilomita 111 hivi, kabla kidogo ya kufika usawa wa Chalinze. Huzifanya hesabu hizo kichwani huku akizungumza na mnara. Ndiyo maana kijana anayetaka kazi hii ashike michepuo ya fizikia na hisabati, ama pamoja na kemia ama pamoja na jiografia. Kiingereza nacho asikidharau. Nakipenda Kiswahili kuliko wengi, lakini kanuni za kimataifa zinamtaka rubani wa safari za nje afikie angalau ngazi ya 4 kati ya 6 katika lugha itumikayo redioni, na kwetu lugha hiyo ni Kiingereza.

Ngazi za leseni zenyewe zinajulikana. Akitimiza miaka 17 anaweza kupata leseni ya rubani binafsi, kwa saa zisizopungua 40 angani. Leseni ya biashara huanzia miaka 18, na kwa kawaida hudai saa 200, au 150 kwa anayesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ya kuongoza ndege kubwa ya abiria, hutaka miaka 21 na saa 1,500.

Zamani njia ilikuwa wazi zaidi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, na mwaka 1971 chuo cha urubani kikafunguliwa Soroti, Uganda, kwa ajili ya nchi zetu tatu. Shirika likafa mwaka 1977, na mwaka huo huo tukaanzisha letu, Air Tanzania. Siku hizi vijana wetu wengine husomea Soroti, wengine Nairobi kwenye vyuo vya Uwanja wa Wilson, wengine Addis Ababa. Karo ni makumi ya maelfu ya dola. Binti asiogope kwamba kazi hii ni ya wanaume: Mkenya Irene Koki Mutungi alitangazwa mwaka 2014 kuwa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuwa rubani mkuu wa Boeing 787.

Sasa turudi kwa yule mwenye ahadi ya kazi. Kati ya saa 200 na saa 1,500 kuna bonde pana, na humo wamo vijana wenye leseni mifukoni waliokaa nyumbani. Wengi huanzia kwenye mashirika madogo yanayopeleka watalii Serengeti, Ruaha na Mafia kwa ndege za injini moja, wakijikusanyia saa kidogo kidogo. Hakuna chuo kinachoweza kuapa kwamba mwanafunzi wake ataajiriwa. Anayekuahidi hivyo, mwombe jina la chuo, kisha wewe mwenyewe uwaulize TCAA kama kinatambuliwa, kabla hujatoa hata shilingi.

Fedha zikishindikana, kiko Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinachofundisha uhandisi wa ndege. Na TCAA inacho chuo chake Dar es Salaam kinachofundisha waongoza ndege. Nimewajua mafundi wa ndege walioweka akiba ya mishahara yao wakalipia saa za kuruka, kumi mwaka huu, kumi mwaka ujao, hadi leseni ikapatikana, na kiwanja cha wazazi hakikuguswa.