Gari la theluji, jerikeni ya petroli na Mzee wangu

Najua nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa. Kuna walioniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu au kama baridi ya huku imenimaliza. Bado nipo. Nilikuwa gereji. Naam, mimi mtu wa kuandika programu nimekaa karibu misimu miwili ya baridi chini ya gari, grisi hadi kwenye viwiko. Kwa hivyo leo hakuna habari za Linux wala za simu mpya. Nawasimulia kuhusu gari lisilo na usukani, ambalo lilikaribia kunitia balaa kwa sababu ya ujuaji wangu mwenyewe.

Kwa walio wageni hapa: mimi ni Mkenya, naishi kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, si mbali na Ziwa Superior. Wakenya ni wengi katika jimbo hili ila wengi wako kusini, upande wa Minneapolis. Huku juu ni misitu, maziwa na theluji. Jirani yangu ni mzee wa miaka 74, mjane, na nyuma ya ghala lake kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa turubai tangu nihamie. Mwaka 2023, majani yalipoanza kuanguka, nikamuuliza ni nini. Akalivuta turubai. Chini yake kulikuwa na kibanda cha bati la rangi ya chungwa, kutu kila mahali, kikiwa kimekalia mikanda miwili mipana ya mpira yenye vyuma. Panya walikuwa wamejenga mji mzima ndani ya viti.

"Ukiweza kuliwasha, ni lako," akaniambia. "Ila safari ya kwanza unipeleke kwenye kibanda changu cha msituni." Kibanda hicho alikijenga na marehemu mkewe. Kiko kilomita 6 kutoka barabarani, na tangu magoti yamsumbue alikuwa hajakiona wakati wa theluji.

Gari lenyewe ni Thiokol Spryte la mwaka 1974. Jina hilo lina historia tamu. Thiokol ilianza kama kampuni ya mpira wa kutengenezwa kwa kemikali, na jina lilitokana na maneno mawili ya Kigiriki, la kiberiti na la gundi. Baadaye waligundua kwamba mpira wao unafaa kushikilia fueli ya roketi, wakaingia biashara ya roketi. Kandokando ya hayo, huko Logan, Utah, walikuwa wakiunda magari ya theluji! Mwaka 1978 kitengo hicho kilinunuliwa na John DeLorean, yule yule wa gari la chuma kisichoshika kutu lililoonekana kwenye filamu ya Back to the Future.

Kwa nini halizami?

Theluji laini humeza mtu hadi kiunoni, sasa gari la chuma linapitaje? Jibu ni hesabu ya shule ya msingi. Nilipima langu: kilo 2,000 hivi. Kila mkanda una upana wa sentimita 90, na sehemu inayogusa chini ina urefu wa kama mita 2.2. Mikanda miwili inakupa takriban sentimita 40,000 za mraba. Gawanya, na kila sentimita ya mraba inabeba gramu 50 tu. Mimi nina kilo 80, na soli za viatu vyangu viwili hazifiki sentimita 500 za mraba. Yaani nikisimama naikandamiza theluji zaidi ya mara tatu kuliko gari zima la chuma. Uzito si tatizo ukitandazwa.

Na hapa ndipo Mzee wangu anapoingia.

Baba alikuwa makanika wa trekta za minyororo kwenye mashamba ya miwa, magharibi mwa Kenya, kwa zaidi ya miaka 30. Alinitaka nirithi spana zake. Mwaka 2003 nilipomwambia naenda kusomea kompyuta, alinitazama mikono, akasema, "Basi itabaki laini." Hatukugombana. Ila tangu siku hiyo mazungumzo yetu yalikuwa ya "hamjambo, mvua imenyesha, pesa zimefika." Sasa mtoto wa jicho umemwingia, haoni vizuri, spana ameziweka kwenye gunia.

Nilipomtumia picha za lile gari, dada yangu akamweleza kilichomo. Baada ya dakika 5 simu ikalia. Mzee hajawahi kugusa theluji maishani mwake, lakini matope ya miwa anayajua kama kiganja chake.

"Hiyo ni kitu ile ile," akasema. "Matope meupe tu. Angalia kwanza vile meno ya gia ya kuvuta mkanda yalivyolika. Yakiwa kama ndoano, usisumbuke na injini bado."

Yalikuwa kama ndoano.

Kazi yenyewe

Majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024 yalikuwa ya ajabu, theluji karibu hakuna kabisa, kwa hivyo sikuwa na haraka. Tulifanya kazi kila Jumapili: huku asubuhi, kwa Mzee jioni, simu ikiwa juu ya sanduku la vifaa. Nilikata na kuchomelea upya sakafu iliyooza. Nilifungua kila chuma kinachovuka mkanda, kila kimoja na bolti zake, nyingi zimeganda kwa kutu hadi nikazikata kwa grainda. Injini ni Ford ya silinda 6 za mstari mmoja, aina isiyokufa kirahisi. Nilisafisha kabureta, nikabadilisha plagi, pointi na gasketi, nikatoa panya.

Kilichotuumiza kichwa ni kukata kona. Gari hili lina wenzo mbili badala ya usukani. Mzee alidhani ni kama trekta zake, ambapo ukivuta wenzo klachi inaachia upande mmoja na upande huo unakosa nguvu. Hapana. Hapa kuna difu maalumu yenye ngoma mbili, na kila ngoma imezungukwa na bendi ya breki. Ukivuta wenzo wa kushoto, bendi inabana ngoma ya kushoto, mkanda huo unapunguza kasi, na gia za ndani zinaihamishia kasi hiyo mkanda wa kulia. Pande zote mbili zinaendelea kuvuta. Nilimweleza mara tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka: "Hawa watu walikuwa na akili. Ningekuwa na hiyo nisingekwama kwenye mtaro mwaka wa themanini na mbili." Sikuwahi kujua kwamba aliwahi kukwama popote.

Kisha nikaanza manjonjo yangu. Nilitoa waya zote za zamani nikaweka mpya zenye fyuzi. Taa za LED. Hita ya umeme ya kupasha injini moto kabla ya kuwasha. Nikaweka kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye vihisi vya joto kwenye injini na kwenye difu, inaandika rekodi kila sekunde. Hilo lilisaidia kweli: siku ya kwanza ya majaribio joto la difu lilipanda hadi nyuzi 120 bila sababu. Mzee akauliza, "Ukiachilia wenzo, bendi inalegea kabisa?" Nilikuwa nimezikaza kupita kiasi, zinasugua muda wote. Nilipozilegeza, joto likashuka. Kihisi kiliona ugonjwa, Mzee akautaja jina.

Lakini kuna jambo moja nilimkatalia. Pampu ya mafuta ya asili ni ya kusukumwa na injini yenyewe. Nilitaka ya umeme. Mzee akasema, "Kitu kikifanya kazi miaka hamsini, usikitoe kwa sababu umeona kipya. Weka kipya, cha zamani kiache palepale." Nikajisemea moyoni, Mzee anaongea mambo ya zamani. Nikaing'oa, nikaziba tundu kwa kipande cha bati, nikafunga ya umeme pamoja na chujio la bei rahisi nililoagiza mtandaoni, lenye pete nyembamba ya mpira kwenye kifuniko.

Siku yenyewe

Januari 2025, theluji ikiwa ya kutosha, tukaondoka. Mzee jirani alivaa koti la mkewe ndani ya koti lake. Tulifika kibandani bila shida. Alikaa ndani peke yake kama nusu saa. Mimi nilibaki nje nikijifanya nakagua mikanda.

Wakati wa kurudi, jua likizama, kipimo kikisoma nyuzi 27 chini ya sufuri, injini ikaanza kukohoa. Ikavuta, ikakohoa, ikazima. Kama kilomita 4 kutoka barabarani. Simu hazina mtandao kule. Mimi ningeweza kutembea, nikiwa na bahati. Yeye asingeweza, na tulilijua hilo wote wawili ingawa hakuna aliyelisema.

Nilifungua kipakatalishi nikasoma rekodi. Joto sawa, volti sawa. Data zote nzuri, gari limekufa! Nikagusa chujio. Ile pete ya mpira ilikuwa imekakamaa kama plastiki, kifuniko kinacheza. Pampu ilikuwa inavuta hewa badala ya petroli. Nilijaribu kukikaza, kikapasuka mkononi.

Hapo nikakumbuka utoto wangu, matatu zilizoharibika kando ya barabara ya Kakamega, na Mzee akining'iniza jerikeni juu ya injini na kipande cha mpira. "Petroli hushuka yenyewe," alikuwa akisema. "Haihitaji stima."

Tulikuwa na jerikeni ya akiba. Niliifunga kwa kamba juu ya paa, nikakata mpira wa mafuta, nikauweka kwanza ndani ya koti langu ulainike, nikaupitisha dirishani moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Katika Spryte injini iko ndani ya kibanda, kati ya watu, kwa hivyo petroli ilikuwa ikipita karibu na mabega yetu. Msijaribu jambo hili, ni hatari ya moto. Nilizima kila kitu kisichohitajika, mzee akashika kizima moto magotini, mlango tukauacha wazi. Betri ilikuwa imechoka kwa baridi. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ikashika.

Tulirudi kwa mwendo wa miguu, gia ya kwanza, karibu saa moja. Mzee jirani hakusema neno hadi tulipoona taa za barabara. Kisha akauliza, "Hilo umejifunzia chuo gani?" Nikamwambia, kwa baba yangu.

Niliyojifunza

Usiku ule nilikumbuka jambo linalonirudia mpaka leo. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wanaanga wote 7 wakafa. Chanzo kilikuwa pete za mpira kwenye roketi za kando, zilizopoteza unyumbufu kwa sababu ya baridi ya asubuhi hiyo. Roketi hizo zilitengenezwa na Thiokol, na wahandisi wake walikuwa wameonya usiku uliotangulia kwamba kuna baridi mno. Hawakusikizwa. Mimi nilikuwa ndani ya gari lenye jina hilo hilo ubavuni, nikiwa nimepuuza onyo la fundi, nikaponzwa na pete ya mpira.

Kwa sisi waandishi wa programu:

1. Usifute njia ya zamani siku unapoweka mpya. Ziache zote mbili hadi mpya ithibitishe.
2. Vihisi vinakuonyesha pale tu ulipoviweka. Mimi sikupima msukumo wa mafuta.
3. Jaribu kitu mahali kitakapofanyia kazi. Gereji yangu ina hita, msitu hauna.
4. Anayekuambia "usiguse" huenda alishaumia hapo. Muulize aliumiaje.

Pampu ya zamani nimeirudisha. Ile ya umeme ipo pia, ina swichi yake na chujio la chuma. Na jerikeni haishuki paani.

Nilimpigia Mzee Jumapili iliyofuata nikamsimulia yote, pamoja na kwamba nilimkatalia. Nilitarajia anikemee. Akaniuliza jerikeni niliifunga kwa fundo gani. Kisha akasema, "Liwashe nisikie."

Nikaliwasha, nikaweka simu juu ya boneti. Alisikiliza dakika nzima.

"Silinda ya nne," akasema. "Valvu inagonga kidogo. Jumapili ijayo."

Basi Jumapili ijayo nina kazi. Tuonane wiki zijazo, na kama una Mzee mwenye spana kwenye gunia, mpigie.